Beringi Niliyoilaza Mkono wa Kulia

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyochukua beringi iliyokufa, nikaipaka grisi mpya mpaka ikang'aa kama mtoto wa ubatizo, nikailaza mahali pa beringi nzima. Ile nzima nikaitia kwenye begi langu la shule, kati ya daftari la jiografia na viazi vya kiporo. Hakuna aliyenituma. Sikuwa na hasira na mtu. Nilitaka kucheka tu. Naanza na hilo ili usije ukafika katikati ya habari hii ukaanza kumtafuta mtu mbaya ni nani.

Na nikikuita mwanangu usinitazame kidevu. Nina miaka kumi na minane, nipo kidato cha tano, ndevu zangu nazijua kwa majina. Lakini wahenga walisema majuto ni mjukuu, na mimi mjukuu wangu nilimpata nikiwa kidato cha pili. Mwenye mjukuu ni mzee, hata kama bado anachapwa kwa kuchelewa foleni. Kwa hiyo ninyi mnaovaa sweta jipya la kidato cha kwanza, mnaocheka mpaka mnaangukia madawati, sogeeni. Mzee anataka kusema.

Baba yangu alikuwa na lori kuukuu kuliko ndoa yake. Mlango mmoja ulifungwa kwa kamba ya katani, na honi ililia yenyewe kila lilipovuka tuta, kwa hiyo Mwankoko nzima ilijua baba anarudi nyumbani kabla mama hajajua. Lilibeba alizeti na vitunguu kutoka vijijini kuja mjini. Mwaka ule, mavuno yamepamba moto, ekseli ya nyuma ikafa. Kama hujui ekseli, ni kile chuma kinene kinachopita chini ya lori kutoka magurudumu ya nyuma ya upande huu hadi ya upande ule, na katikati kina tumbo kama mjamzito. Ndani ya tumbo mna meno yanayopokea nguvu ya injini. Meno yalikatika. Na beringi moja ya kushoto, ile inayofanya gurudumu lizunguke bila kusuguana na chuma, nayo ilikuwa imeliwa, vipingili vyake vya kuzungukia vimejaa vidonda.

Baba alipata ekseli nyingine kwenye lori bovu la aina ileile lililolala Ikungi miaka mingi, kuku wanataga ndani. Nayo haikuwa nzima yote. Kazi ikawa kuchukua wagonjwa wawili na kutoa mzima mmoja: zote mbili zifunguliwe, vilivyo hai vichaguliwe, viungwe, kisha ekseli hiyo moja ifungwe chini ya lori letu. Kwa kazi kama hiyo baba alimwamini mtu mmoja tu, Mzee Msengi.

Mzee Msengi ni Mnyiramba. Sisi ni Wanyaturu. Kama umetoka mbali nikueleze: hao ni watani wetu na sisi ni watani wao. Mtani anaweza kukusimanga mbele ya mkweo na wewe ukacheka. Anaweza kukuvua kofia akaondoka nayo mpaka umpe jogoo. Na ukifiwa ndiye anayekuja kuchimba kaburi na kukuchekesha kamasi zikiwa bado zinakutoka. Ila shikamoo inabaki palepale. Nilikuwa namwamkia, anaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu," na kabla mate hayajakauka anaongeza, "Nasikia Wanyaturu siku hizi mnavaa viatu."

"Tumeviona kwenu, mzee. Mmevitundika ukutani mkidhani ni picha."

Hapo mjomba Yona alikuwa ameshakaa chini kwa kicheko. Yona alikuwa mdogo wake mama, kijana wa miaka ishirini na minne, utingo wa lori letu. Alikuwa anacheka mzaha kabla haujaisha, halafu anakuuliza uliishaje. Ukiwa mchekeshaji, mtu kama huyo ni hazina, na pia ni hatari, kwa sababu unaweza kufanya jambo lolote ili umwone amekaa chini tena.

Mzee Msengi alikuwa na utaratibu wake. Alitandika magunia mawili mbele yake, moja mkono wa kulia, moja mkono wa kushoto. Kila kitu kilichotoka kwenye ekseli zile alikiosha kwa dizeli, akakifuta, akakipapasa. Beringi aliipeleka sikioni akaizungusha kwa kidole, amefumba macho, kama mtu anayesikiliza redio yenye betri dhaifu. Ikimridhisha aliipaka grisi, akailaza gunia la kulia na kuifunika kitambaa. Isipomridhisha ililala kushoto, wazi, na vumbi lake. Na kitu kikishalala kulia hakukiuliza tena.

"Nikikiuliza mara ya pili," alimwambia baba, "nitakuwa simwamini Msengi wa mara ya kwanza. Na yule ndiye aliyefumba macho akasikiliza. Huyu wa pili ana njaa, ana haraka ya kufunga."

Ijumaa nilipotoka shule alinituma mjini, kwenye duka la vipuri la mzee mmoja wa Kihindi anayekijua Kinyaturu kuliko mimi. Akasema niombe spana ya kukazia upepo. Mimi nikaenda. Nikapanga foleni. Nikaamkia, nikaomba. Yule mzee wala hakutabasamu. Aliniuliza, "Ya upepo wa asubuhi au wa jioni?" Nami, kwa heshima zote nilizofundishwa, nikajibu, "Ya jioni." Akasema imekwisha, nijaribu Manyoni. Duka zima likalipuka. Niliporudi nyumbani habari ilikuwa imeshanitangulia kwa simu. Mzee Msengi ameshika mbavu, baba amegeukia ukuta, Yona yuko chini, machozi yanamtoka. "Mjomba," ananiambia, "si ungechukua hata ya asubuhi?"

Sasa mwanangu, mtani akikufunga goli lazima urudishe. Hiyo ni haki yako. Kosa langu halikuwa kutaka kurudisha.

Jumamosi nilitoka tuisheni saa tano, begi mgongoni. Wako kwenye hatua ya kufunga. Nikamchokoza. "Mzee, hivi ukipewa beringi mbovu, utaijua kweli, au unafumba macho kwa sababu ya usingizi?"

"Hata unizike nayo nitaijua. Beringi mimi naijua kuliko wewe unavyomjua baba yako."

"Mzee, hapo umevuka mpaka!" baba akapiga kelele kutoka chini ya lori, na Yona akaenda chini kwa kicheko.

Mama alipowaita kula, wakaenda kunawa nyuma ya nyumba. Nikabaki na magunia mawili. Nilichofanya nimeshakuambia. Haikuchukua hata dakika mbili. Nikaifunika vizuri na kitambaa, nikafuta vidole kwenye kaptula. Hesabu yangu ilikuwa hivi: akiigundua atapiga kelele, nitatoa nzima kwenye begi, tutacheka, nitamdai jogoo mmoja wa usumbufu. Asipoigundua nitamdai majogoo wawili na nitasimulia mpaka uzeeni. Nilijua fika kwamba kilicholala kulia hakiulizwi. Ndiyo maana majogoo wawili niliwaona wameshachinjwa.

Wakarudi. Mzee akavua kitambaa, akaichukua beringi, akaisukuma mahali pake. Hakuipeleka sikioni. Nikafungua mdomo. Halafu nikajiambia ngoja, akianza kukaza nati utani utanoga zaidi. Akakaza nati. Nikajiambia ngoja afunge na kifuniko. Akafunga. Ngoja magurudumu yapande, Yona atakapoona yanashushwa tena atakufa kwa kicheko. (Hilo neno nililitumia kichwani mwangu hivyo hivyo. Silibadilishi.) Magurudumu yakapanda, yakakazwa. Magogo yaliyolishikilia lori yakaondolewa, jeki ikashuka. Baba akapanda, akaliwasha, akalizungusha uwanjani mara mbili, honi inalia kwenye kila shimo, majirani wanapiga makofi. Kisha akashuka. Baba yangu, ambaye hata siku ya kipaimara changu alinipa mkono tu, akamkumbatia Mzee Msengi mbele ya watu.

Basi mdomo ukajifunga wenyewe.

Elewa hapo, maana ndipo penyewe. Kila hatua niliyongoja ili kicheko kinenepe, kazi ya kufungua nayo ilinenepa. Mwanzo ilikuwa ni kunyoosha mkono tu nichukue kitu juu ya gunia. Baadaye ikawa nati moja. Mwisho ikawa ni kumwambia mzee wa watu ashushe kila kitu alichokipandisha siku mbili, na kumwambia baba amwachilie. Mzaha mzaha hutunga usaha, nilikuwa naandika hiyo kwenye insha na napata alama zote. Nikajituliza: si beringi hiyohiyo iliyokuwa inatembea siku zote? Nitasema kesho baada ya ibada. Kesho ibada ikawa ndefu.

Jumatatu asubuhi niko tayari kwenda shule, nimevaa sare, begi mgongoni, na ile beringi nzima ndani ya begi kwa sababu nilikuwa nimekosa pa kuificha. Baba na Yona wanaenda Mgori kupakia alizeti. Yona alitembea kando ya lori baba akilisogeza taratibu kuelekea barabarani. Akasimama, akainama.

"Shemeji! Huku nyuma kushoto kuna kitu kinaimba."

Baba akazima, akampigia simu Mzee Msengi, akaiweka sauti ya nje. Sote tulisikia. "Ni hizo tairi zenu zenye vipara," mzee alisema. "Beringi zote nililaza kulia mimi mwenyewe. Mtani, unataka kunifundisha kazi?"

"Haya, kama mzee amesema," Yona akajibu, akapanda juu. Kisha akaniona nimesimama. "Mjomba, mbona umeganda kama umeona trafiki? Nikuletee nini Mgori?"

"Asali," nikasema.

Neno la mwisho nililomwambia mjomba wangu lilikuwa asali. Lile lingine, ambalo lingemshusha, nilikuwa nimelibeba mgongoni.

Yaliyotokea njiani sikuyaona. Nayajua kwa jinsi baba alivyowaeleza wazee, na aliyaeleza mara moja tu. Walikuwa wanarudi, lori limejaa magunia ya alizeti, Yona amelala juu yake anaimba nyimbo za kwaya kama kawaida yake. Baba akasikia mlio kama mtu anasaga mawe. Kisha akaona magurudumu mawili yanampita upande wa kushoto, yameongozana, yanakimbia mbele ya lori kama yana haraka ya kufika Singida. Alisema alijiuliza, hivi hayo ni ya nani? Ndipo lori likapiga magoti. Magunia yakaanguka na Yona, na yale ya juu yakamfuata. Baba na watu wa kijiji walimfukua kwa mikono. Hakufika hospitali.

Mimi nilikuwa darasani. Mkuu wa shule alipotokea mlangoni nilisimama kabla hajataja jina.

Tulimzika Ikungi, kwa babu, baba yake mama. Watani wakaja, Wanyiramba wengi, wakakamata majembe kama desturi. Walikuwa wanajitahidi kutuchekesha. Mmoja alijilaza kaburini akasema hatoki mpaka apewe jogoo, na hata yeye sauti ilimkatika katikati. Mzee Msengi akafika akiwa na gunia dogo mkononi. Alikuwa amepitia kwanza kwenye lori, pale lilipoanguka. Akaweka gunia chini, akaokota jembe, akasogea kaburini.

Mjomba Petro, kaka mkubwa wa mama, akamfuata akamnyang'anya lile jembe.

"Wewe hili ulishalichimba Jumamosi," alimwambia.

Sijui kama umewahi kuona mtani akinyang'anywa jembe msibani. Mimi sikuwa nimewahi. Wazee wenye mvi nao hawakuwa wamewahi, nilisoma nyuso zao. Watani wote wakaacha kuchimba.  Mzee Msengi akarudi kwenye gunia lake, akalifungua mbele ya baba. Vilikuwa vipande vya beringi, vyeusi, vimeungua. Akakichukua kimoja, akakipapasa huku na huku kwa kidole gumba.

"Baba Daudi," akasema, akimwita kwa jina langu, "hii siyo niliyoiweka. Hii niliilaza kushoto. Ina kovu hapa, nilipapasa mwenyewe."

Wakati ule uchungu ulikuwa umemfanya baba kuwa mtu mwingine. "Mzee," akasema, "uliiweka kwa mkono wako. Nilikuwa nimesimama."

Mzee Msengi akautazama mkono wake wa kulia muda mrefu. "Basi mkono huu umenitangulia kufa," akasema. Akaondoka kabla mazishi hayajaisha. Kesho yake tukasikia amewaachia vijana wa gereji spana zake zote.

Mwanangu, mimi nilikuwa hatua tano kutoka pale, nimeshika ndoo ya maji ya wachimbaji. Yule mzee alisema kweli. Aliijua beringi hata ikiwa imeungua, imevunjika, imechanganyika na mchanga wa barabarani, na kila mtu alimwona mwongo, mpaka akaanza kujiona mwongo yeye mwenyewe. Mtu mmoja tu duniani alikuwa na ushahidi wake. Nikainua ndoo nikapeleka maji. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanasema. Kwetu sisi tulikuwa tumejenga kaburi tayari, na mimi bado nilikuwa naukagua ufa.

Siku ya kumaliza matanga, asubuhi, wazee walikaa nyuma ya zizi la babu na kumwita Mzee Msengi ajibu. Alikuja na wazee wawili wa kwao. Alikuwa amepungua, koti linamning'inia. Nilikuwa nimemwagiza binamu yangu aniletee begi kutoka Mwankoko, nikasema nataka kujisomea. Watu walinisifu. Mtoto ana msiba na bado anakumbuka masomo. Ukitaka kujua sifa inavyoweza kuuma, pewa ya aina hiyo.

Nikaingia katikati ya wazee bila kuitwa. "Shikamooni." Wachache wakaitikia. Nilitaka kusema maneno niliyoyapanga, yakakimbia yote. Nikafungua begi, nikatoa kile kitu. Nilikuwa nimekizungushia karatasi ya jaribio la hisabati, na grisi ilikuwa imepenya mpaka kwenye alama nyekundu za mwalimu. Nikakiweka chini mbele ya Mzee Msengi.

"Nini hicho?" mjomba Petro akauliza.

"Hii ndiyo iliyokuwa kulia," nikasema. "Niliibadilisha wakati wanakula. Ilikuwa ni utani."

Nimechekesha watu wengi katika maisha yangu. Utani ule haukumchekesha hata mmoja. Hata ng'ombe ndani ya zizi nadhani waliacha kutafuna.

Mzee Msengi akaichukua. Akaondoa karatasi taratibu, akaikunja, akanirudishia, kama mtu anayeheshimu karatasi ya shule. Akafuta grisi kwa pindo la koti. Akaipeleka sikioni, akafumba macho, akaizungusha kwa kidole. Tulisikiliza wote. Haikutoa sauti yoyote.

"Hii ni yangu," akasema.

Nilidhani atafurahi. Naomba usicheke, nilidhani hivyo kweli. Nilidhani nimemrudishia mkono wake, na pengine kwa hilo kitu fulani ndani yangu kitapungua uzito. Mzee yule akalia. Alilia kama watoto wanavyolia, mdomo wazi, mbele ya wazee wa kabila jingine. Alipotulia akanitazama.

"Mtani. Siku ile ungeniita."

Nikaikunja tena ile karatasi ya hisabati.

"Hata lori likiwa limeshuka, ungeniita. Hata baba yako akiwa amenikumbatia, ungeniita tu. Uliogopa nini, kwamba nitafungua tena? Kufungua ni kazi yangu. Nimefungua vyuma maisha yangu yote. Ningekutukana wewe na ukoo wako, ningekupa jogoo wako, tungefungua, tungefunga. Saa mbili. Hata chai isingepoa sana." Akaiweka beringi chini. "Nami sijitoi. Baba yako aliniuliza kwenye simu. Yona alisikia kitu kinaimba. Badala ya kuja kusikiliza nikawajibu kwa jina langu."

Mjomba Petro akasimama, akamsogelea. "Mzee, lile jembe nililokunyang'anya..."

"Liache," mzee akasema. "Kaburi limekwisha kuchimbwa."

Baba hakunipiga. Alinyanyuka akaenda akasimama upande wa pili wa zizi, ametupa mgongo, na sikuthubutu kumfuata. Yaliyoamuliwa kati ya wazee wetu na wazee wa Mzee Msengi ni ya wazee, siyasemi. Ninachoweza kukuambia ni kwamba mzee alirudi kazini, vijana wakamrudishia spana zake kwa heshima. Bado anatandika magunia mawili. Ila siku hizi kila kitu anakiuliza mara mbili, wakati wa kukilaza na wakati wa kukiinua, na kazi zake zinachukua siku nyingi zaidi. Nimemharibia hata hilo, ile raha ya kujiamini.

Na mimi? Tunakutana. Namwamkia, anaitikia, "Marahaba, hujambo?" Ananiuliza masomo. Ananiombea heri. Mwaka wa tatu sasa hajanisimanga hata neno moja, wala mimi sithubutu kumwanza. Ana adabu na mimi kama mtu anavyokuwa na adabu na mgeni kutoka wizarani. Watu wa mbali wanadhani amenisamehe kwa kuwa ananisemesha vizuri. Mtani akikusemesha vizuri, mwanangu, ameshakuweka gunia la kushoto.

Sasa sikia nasaha, nisije nikaonekana nimekutoa machozi bure. Taniana na watu. Sikukatazi, mimi mwenyewe bado nachekesha bwenini, siwezi kuacha, ni kama kupumua. Lakini utani wako uishie kwenye maneno na kofia. Kitu ambacho mtu atakipanda, atakinywa, atakilalia au atategemea kimbebe, usikiguse, hata kama una nzima yake kwenye begi. Mtu akishakwambia hiki nimekithibitisha, amekukabidhi macho yake, usiyachezee.

Na ukishakosea, sema wakati mdomo umefunguka kwa mara ya kwanza. Ukingoja wakati mzuri, utakuja wakati ambao ni mbaya kuliko wote uliopita. Ila kama umeshachelewa, kama nati zimekazwa na watu wanapiga makofi, sema vilevile. Kufungua ni kazi tu, ni jasho na matusi, na wapo mafundi wa kuifanya. Nawe siku mtu mdogo akikuambia huku nyuma kuna kitu kinaimba, usimjibu kwa cheo chako. Shuka ukasikilize.

Mungu akupe mikono ambayo watu hawatahitaji kuikagua, na mdomo mwepesi wa kusema ni mimi. Akupe watani wengi, nao wakusimange mpaka uzeeni wasichoke. Safari zako zote upande ukiimba na ushuke ukiimba.

Umeniuliza, najua, mama alisemaje. Baada ya kile kikao mama alikaa siku nne bila kunitaja jina. Alipita karibu nami kama anavyopita karibu na mtungi. Siku ya tano, mchana, nilikuwa nimekaa nyuma ya jiko, peke yangu. Akatoka, akasimama mbele yangu, mikono ina unga. Haya ndiyo aliyoyasema, sikuongeza wala sikupunguza:

"Yona nilimbeba mgongoni kabla sijakubeba wewe. Kukusamehe leo siwezi, na kukutupa siwezi. Njoo ule, ugali unapoa."